Kengele ya moto ikifa, mtu ndo kengele

Jumanne ile nimefika kazini saa kumi na mbili jioni kama kawaida, nakuta paneli ya kengele ya moto pale mapokezi iko wazi, nyaya zaning'inia nje, na fundi amechutama ameshika kibodi kidogo, ile bodi ya saketi ya ndani ya paneli, kimeota kutu ya kijani mpaka maandishi yake hayasomeki. Akanionyesha. Akasema kaka, hii si ya kutengeneza, hii ishaliwa na chumvi. Na mtu yeyote aliyekaa Mombasa anajua fundi hakudanganya, upepo wa bahari unakula kila kitu, bawaba za madirisha, mabati, redieta za gari, sembuse kibodi cha stima kilichofungwa ukutani miaka na miaka na hakuna aliyewahi kukifungua kukipangusa. Kipya kikaagizwa Nairobi. Wiki moja, labda na siku mbili tatu.

Fundi akasema maadamu nishafika tuangalie na pampu ya sprinkla, yale mabomba ya darini yanayomwaga maji moto ukitokea. Tukateremka kule chini, pampu ikawaka, inanguruma, lakini sindano ya geji haipandi hata kidogo. Tukaizima mbio manake pampu ikizunguka bila maji inajiua. Nikafunua mfuniko wa tangi nikamulika tochi: kavu. Chini kabisa maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu na kopo moja la plastiki laelea. Hilo ni tangi la moto, ndo lile halifai kuguswa na mtu, lakini maji ya mfereji yakikatika, na hapa mjini yanakatika mpaka watu wamezoea kupanga madumu kwenye ngazi, jengo zima lilikuwa likiponea hapo. Siku moja ya dhiki mtu aliunga paipu, na dhiki ikawa desturi.

Kwa hivyo jioni hiyo tukawa na jengo la ghorofa 7 karibu na Mwembe Tayari, maduka chini, ofisi katikati, ghorofa mbili za juu ni geshti watu wanalala, na halina kengele wala halina sprinkla. Meneja akatuangalia mi na mzee wa zamu akasema basi nyinyi ndo mtalinda moto mpaka kibodi kije. Akaenda zake. Hakusema vipi.

Naandika hii kwa sababu najua kuna masoja na makeateka wengi hapa mjini ambao wanaambiwa hayo hayo maneno matatu, "mtalinda moto tu", na hawaelezwi kitu kingine, na ni kazi inayobeba roho za watu waliolala.

Wenye taaluma yao wanaita faya wochi. Maana yake mfumo ukiwa umelala, binadamu anachukua nafasi yake, anazunguka jengo lote kutafuta moshi, joto, harufu na kila kinachoweza kuwasha moto, na akiona kitu ndo yeye anapiga kelele, anaita zimamoto, anatoa watu. Viwango vya NFPA, chama cha kuzuia moto cha Marekani, ambavyo hata mafundi wetu huku wanavitaja, vinasema kengele ikiwa nje ya kazi zaidi ya saa 4 ndani ya saa 24, wakubwa wa zimamoto waambiwe, na jengo ama litolewe watu ama liwekewe lindo. Sprinkla ni zaidi ya saa 10. Sisi tulikuwa tunaongelea siku tisa! Na huko Uingereza, baada ya jumba la Grenfell kuungua London Juni 2017 wakafa watu 72, majumba mengine yaliyogunduliwa yana kuta za nje zinazoshika moto yaliwekewa walinzi wa kuzunguka usiku na mchana, mengine miezi mingi, watu wanalala ndani na mtu anatembea koridoni akiwalinda. Yaani si jambo la kubahatisha la huku kwetu, ni kazi inayojulikana dunia nzima.

Mi nilikuwa na bahati ya mzee. Huyu mzee amekuwa soja tangu mi sijazaliwa, mtu wa Likoni, kila jioni anavuka na feri, na hakuna mlango wa lile jengo asioujua unavyolia ukifunguliwa. Usiku wa kwanza nilikuwa nimeshavuta kiti changu pale mapokezi nikae na tochi kama siku zote. Akanitazama.

"Mwanangu, kwani wamngoja nani hapo?"

Nikamwambia nangoja kama kutatokea kitu, mzee.

"Mwizi ndo hungojwa mlangoni. Moto haupiti mlangoni, waanzia chumba usichokuwepo. Inuka twende."

Akanipeleka mzunguko wa kwanza polepole sana, na kila nilichojifunza kwenye hii kazi nimekipata usiku ule. Tukapanda kwa ngazi za mbele, tukashuka kwa ngazi za nyuma, na akasema kila mzunguko uwe hivyo hivyo, manake hizo ngazi ndo njia watu watakayokimbilia, na ukipita zote mbili kila mara hutakosa kujua kama kuna mtu ameweka katoni au godoro njiani. Lifti hatukuigusa, ndani ya lifti hunusi kitu wala husikii kitu. Kila mlango uliofungwa anaweka mgongo wa mkono, si kiganja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ngozi ya nyuma ya mkono ni nyepesi, inasikia joto mapema, na kama kitasa ni cha moto ukaunguza mgongo wa mkono, kiganja bado kitashika reli ya ngazi. Mlango ukiwa na joto usiufungue, hapo piga kelele kwanza. Alafu alikuwa anasimama. Kila ghorofa, akifika katikati ya koridoni anasimama tu, kimya, tochi imezimwa, kama anahesabu mpaka kumi. Mwanzoni nilidhani amechoka. Kumbe anasikiliza na ananusa, na giza linamsaidia kuona kama kuna mwanga unaocheza chini ya mlango wowote. Tangu siku hiyo na mi nasimama, na wallahi utashangaa jengo linavyosema usiku, friji inawaka inazima, maji yanadondoka, feni inakwaruza, na ukishazoea sauti zake basi sauti moja ngeni unaijua hapo hapo.

Mzunguko mmoja ukienda hivyo, bila kukimbia, ulituchukua dakika 22. Meneja alikuwa ameandika kila nusu saa. Sasa piga hesabu, unabaki na dakika 8 za kunywa maji, kuandika OB, lile daftari la matukio ya zamu, na kupanda tena. Na hapo hapo jamaa akawa anatupigia simu tufungue geti magari yaingie, tupokee mizigo ya duka la chini, tusukume pikipiki ya mpangaji fulani. Usiku wa pili mzee akamkatalia kwa adabu kabisa, akamwambia bwana, anayelinda moto asipewe kazi nyingine, akipewa mbili moja itakufa na itakayokufa ni hiyo isiyoonekana. Meneja alikasirika, lakini usiku wa tatu akaleta kijana wa geti. Mi nakubaliana na mzee asilimia mia. Moto mdogo unahitaji dakika chache tu kuwa moto mkubwa na hizo dakika ndo zile uko getini unasaini risiti ya mtu.

Kuna mambo tuliyafanya kabla hata ya kuzunguka. Zimamoto wa kaunti waliarifiwa kwamba jengo letu halina kengele kuanzia siku hiyo. Watu wa bima nao wakaambiwa. Kila mlango wa mpangaji tukabandika karatasi, na kule geshti mtu akichukua chumba anaambiwa kwa mdomo, kengele haifanyi kazi, ukisikia firimbi na mtu anabisha milango kwa nguvu toka utumie ngazi, usichukue begi. Firimbi tulinunua mbili. Mzee aling'ang'ania firimbi manake betri za megafoni anasema zinakufa siku ya kufa watu. Kwenye kadi nikaandika kwa maka peni namba ya zimamoto, 999 na 112, na chini yake jina la jengo na barabara na kitu gani kiko karibu, kwa sababu mtu akishtuka anaweza kusahau hata jina la pale anapofanya kazi. Kadi shingoni, funguo zote kiunoni, tochi mkononi, redio mfukoni.

Na mlango wa nyuma. Hapa ndo tuligombana na watu kweli. Mlango wa kutokea ngazi za nyuma ulikuwa na mnyororo na kufuli, mwenye duka moja aliuweka kwa sababu ya wezi, na simlaumu kwa kuogopa wezi, alishaibiwa mara mbili. Lakini nani hapa Kenya hajasikia habari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Nikamwambia ndugu yangu, mali yako tutailinda kwa macho, tupo hapa usiku kucha tunapita mara mbili kila saa, lakini huo mnyororo utoke. Akatoa. Usiku wa nne nikaukuta umerudi. Tukautoa tena, nikaandika kwenye OB saa na dakika, na asubuhi nikamwonyesha meneja, mbele yake. Haukurudi.

Sasa watu wengi wanadhani moto wa usiku ni stima peke yake. Stima ni kweli, ekstensheni moja imebebeshwa friji na feni na chaja tatu, ukiigusa ina joto kama mkate. Lakini hapa kwetu kuna vitu vyetu. Dawa ya mbu ya kuzunguka, ile unaiwasha inatoa moshi usiku kucha, mtu anaiweka kwenye kigae karibu na shuka linaloburura chini. Geshti usiku mmoja nilihesabu vyumba sita vinanuka dawa ya mbu. Na udi. Ghorofa ya tatu kuna mama mmoja anauza udi na manukato, na jioni kabla ya kufunga anafukiza duka, na anafanya vile mama yangu na bibi yangu walivyofanya. Nikapita nikanusa mkaa.

"Shikamoo mamangu."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mamangu, kengele ya moto imeharibika, twazunguka. Huo mkaa wa chetezo ukimaliza wauweka wapi?"

Hakuudhika. Akanichukua mpaka nyuma ya kaunta akanionyesha ndoo ya bati imejaa mchanga wa pwani mkavu, mkaa unazikwa humo, na ndoo iko juu ya sakafu tupu, hakuna kitambaa wala boksi karibu. Akasema nimekulia Mji wa Kale mwanangu, nyumba zetu zina boriti na mbao juu na zimeshikana ukuta kwa ukuta, moto wa jirani ni moto wako, tulifundishwa kuzika makaa tangu tuko wadogo. Nikatamani jengo zima lingekuwa na watu kama yule mama. Kila usiku baada ya hapo alikuwa ananiachia kikombe cha kahawa tungu kwenye kaunta ya mapokezi.

Basi nije kwenye usiku wa tano, ndo haswa ulionifanya nikae kuandika.

Ghorofa ya tano kulikuwa na mafundi wa rangi na wa milango, wamiliki wa ofisi mpya wanataka milango ya mbao iliyopakwa mafuta ing'ae, na mafundi wanatumia mafuta ya linsidi kwa matambara. Tena ni wale wale waliokuwa wamefunga vichwa vya kugundua moshi kwa karatasi za plastiki ili vumbi lisiingie, kwa hivyo hata paneli ingekuwa nzima, ghorofa ile ilikuwa imefumbwa macho. Hili nalo nimelikuta majengo mengine, plastiki zinafungwa wakati wa kupaka rangi na zinasahaulika miezi.

Niliingia zamu ya saa sita usiku kumpokea kijana wa muda aliyeletwa kutusaidia. Akanipa OB, akaniambia kuko salama, akaondoka mbio kuwahi matatu. Nikafungua niandike saa yangu ya kuingia. Nikaona ameshajaza. Si zamu yake tu, ameshajaza mpaka saa kumi na moja alfajiri, zamu yangu mimi! "Mzunguko umefanyika, hali salama", mistari yote imenyooka, wino mmoja, mwandiko mmoja, kila nusu saa. Nilisikia baridi mgongoni. Saa ilikuwa sita na dakika nne na daftari lilikuwa linasema saa tisa usiku ghorofa ya tano ilikaguliwa na iko salama.

Sikuandika kitu. Nilipanda moja kwa moja.

Ghorofa ya kwanza mpaka ya nne sawa. Ya tano nilipofungua mlango wa ngazi nikasimama kama mzee, tochi nikaizima. Hakuna mwanga. Hakuna sauti. Lakini kulikuwa na harufu, si ya moshi, ni harufu kali ya mafuta yaliyopashwa, inawasha puani, kama sufuria ya mafuta ya kukaangia viazi karai iliyosahaulika mekoni lakini chungu zaidi. Nikaifuata kwa pua mpaka chumba cha mwisho walichokigeuza stoo. Mgongo wa mkono kwenye mlango, hauna joto. Nikafungua kidogo. Kuna mfuko wa gunia kwenye kona, umejazwa matambara, umefungwa mdomo, na umeegemea rundo la mbao na makopo ya rangi.

Niliweka mkono juu ya gunia nikauondoa. Lilikuwa la moto. Joto la ndani, kama kitu kinachopumua, na pale nilipolegeza mdomo ukatoka moshi mwembamba mweupe usoni kwangu. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna waya wa stima karibu. Nilimpigia redio mzee, nikamwambia tano, stoo, matambara yanafuka, akajibu neno moja tu, "naja", na nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Ndoo ya mafundi ilikuwa na maji ya kuoshea brashi, nikalimwagia lote, likafoka mvuke. Mzee alifika na mtungi wa kuzimia moto, mi nikiwa na ndoo ya pili kutoka chooni. Tukalichukua lile gunia likiwa linachuruzika maji, tukashuka nalo ngazi za nyuma, ule mlango usio na mnyororo, tukamwaga matambara uani moja moja juu ya zege tukayazamisha kwenye karai la maji. Yale ya katikati yalikuwa yameshakuwa ya kahawia, yanakatika mkononi kama karatasi iliyookwa.

Tukarudi juu mzee akabaki stoo saa nzima, amekaa kwenye kopo la rangi na mtungi kati ya miguu, kuhakikisha hakuna kilichobaki. Wateja wa geshti juu yetu, ghorofa mbili, walikuwa wamelala.

Asubuhi nilisoma kuhusu hayo mafuta, manake sikuelewa moto umetoka wapi. Kumbe mafuta ya linsidi yanapokauka yanashika oksijeni ya hewani na yanatoa joto. Tambara moja ukilianika peke yake joto linapotea tu hewani. Ukiyarundika yakiwa mabichi, ukayafunga gunia, joto halina pa kutokea, linajijenga lenyewe ndani kwa saa kadhaa mpaka tambara linawaka bila mtu kuligusa. Na joto letu la Mombasa nalo halisaidii. Nikasoma pia kuhusu jengo moja la Philadelphia, One Meridian Plaza, Februari 1991, moto ulianzia ghorofa ya 22 kwa matambara kama hayo hayo, ya mafuta ya linsidi, mafundi wa mbao wameyaacha. Uliwaka zaidi ya saa 18. Wazimamoto watatu walikufa humo. Ulipanda ghorofa baada ya ghorofa mpaka ukafika ya 30, na hapo ndo ulisimama, kwa sababu ghorofa ya 30 ilikuwa na sprinkla, vichwa 10 tu vilifunguka vikauzuia. Kumi! Nilisoma hapo mara mbili. Kichwa cha sprinkla kina kichupa kidogo cha kioo chenye maji mekundu, joto likifika nyuzi 68 hivi kinapasuka na maji yanatoka pale tu penye joto, si jengo zima kama wanavyoonyesha kwenye sinema. Na sisi vichupa vyetu viko juu ya dari vimejipanga vyote vizima, na nyuma yake tangi halina maji kwa sababu tulikuwa tukiogea.

Yule kijana wa muda nilimpigia simu mwenyewe kabla sijaenda kwa meneja. Sikumtukana. Nilimwambia nilichokikuta ghorofa ya tano saa sita na robo. Alinyamaza muda mrefu. Akasema kaka, mahali nilipokuwa mwanzo ndo nilivyofundishwa, mkubwa anataka daftari limejaa asubuhi, haulizi lilijaaje. Na hapo ndo uchungu wangu uko, si kwake. Kuna watu wanawafundisha vijana kwamba OB ni ya kumridhisha mkaguzi. Daftari la lindo la moto lazima liwe la kweli hata kama kweli yenyewe ni "nilichelewa dakika 15, nilikuwa chooni". Mistari isiyolingana ndo mistari ya mtu aliyetembea. Sasa tunaandika saa halisi, saa nane na dakika tatu, saa nane na thelathini na sita, na kila ghorofa neno moja la kitu ulichokiona au kunusa. Meneja alimbakisha kijana baada ya mzee kumwombea, na akazunguka na mzee usiku mbili. Sasa ni mtu mzuri sana kazini.

Kitu kingine nataka mtu anayepewa hii kazi akijue: ujue jengo kabla hujalilinda. Aprili 2019 kanisa la Notre-Dame huko Paris lilipoungua, kengele ililia, ilifanya kazi, lakini mlinzi alielekezwa kwenda kukagua dari ya jengo la pembeni na moto ulikuwa kwenye dari ya kanisa lenyewe. Karibu nusu saa ikapotea hapo, na paa la mbao la mamia ya miaka likaenda. Yule mlinzi simlaumu, alikwenda alikoambiwa. Ila mi siku ya pili nilimwomba mzee anitembeze mchana, kila stoo, kila chumba cha stima, vali za maji ziko wapi, meni swichi ni ipi, nikachora kwenye karatasi kwa mkono wangu. Usiku ukipigiwa redio "moto stoo ya nyuma" usianze kuuliza nyuma ya wapi.

Na mitungi. Mtungi ni wa moto mdogo tu, wa ndoo ya taka, wa kitu ambacho hakijafika kiunoni, na mlango wa kutokea uko nyuma yako. Ule wa poda wa kilo 6 unaisha ndani ya nusu dakika au chini, ukiisha umebaki na chuma mkononi. Kwa vitu vya stima tumia wa kaboni, ule wenye mstari mweusi, na usishike mdomo wake wa mbele kwa mkono mtupu unaunguza kwa baridi. Lakini kabla ya mtungi ni firimbi. Watu kwanza. Mi kwa yale matambara nilikuwa na bahati yalikuwa bado yanafuka, yangekuwa yana ndimi za moto ningefunga ule mlango nikapuliza firimbi na kupanda kuamsha geshti, na stoo ingeungua iungue.

Siku ya saba wakaja mafundi wa kuchomelea kutoa lile paipu la maji ya watu na kufunga vali ya tangi. Mzee akakataa wasianze mpaka tuondoe makatoni yote karibu, mita 11 kuzunguka, manake cheche za kuchomelea zinaruka mbali na zinajificha. Akasimama nao na mtungi mchana kutwa badala ya kwenda kulala. Walipomaliza wakakusanya vitu vyao, yeye akabaki pale saa nzima zaidi anaangalia sakafu.

Kibodi kilifika siku ya tisa kwa basi la usiku. Fundi akafunga, akapanda ghorofa ya tano, plastiki zote tulikuwa tumeshazitoa, akapuliza kile kimoshi cha kopo kwenye kichwa kimoja. Kengele ikalia jengo zima, kali mpaka meno yanauma, na mi nilikuwa kwenye ngazi nikashika reli nikasimama. Yule mama wa udi akatoka mlangoni, mtandio mkononi.

"Mwanangu, ni moto?"

"La mamangu, ni majaribio. Imepona."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi ndani.

Tangi bado. Boza la kwanza la maji limekuja jana likajaza robo, mengine mawili yameahidiwa, na fundi wa pampu atakuja Alhamisi kupima presha. Mpaka apime mi na mzee tunaendelea. Leo zamu yangu inaanza saa sita, firimbi iko shingoni na OB iko tupu.